Hitaji namba 31: programu za kusimamia mahitaji na mtu wa kawaida

Leo naiweka siasa pembeni. Nataka kuandika juu ya kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona kwa macho, lakini ndicho kinachoamua simu yako, benki yako na hata daftari la kliniki ya mama mjamzito litafanya nini na halitafanya nini. Kinaitwa usimamizi wa mahitaji. Ziko programu maalumu za kompyuta kwa kazi hiyo, na kasoro yake kubwa ni kwamba zimetengenezewa wahandisi. Mwenye hitaji lake hawezi hata kuzifungua.

Nilivyolijua hilo ni hivi. Miaka kadhaa nyuma shirika moja, jina nalihifadhi, lilitaka kutengeneza programu ya simu ya kuandikia mavuno yanayoshushwa kwenye madiko ya kaskazini ya Unguja. Kwa wasomaji wa bara: diko ni pale pwani vyombo vinaposhusha samaki, na bwana diko ndiye msimamizi wake, anayeandika nani kaleta nini. Mimi niliajiriwa kukusanya mahitaji, yaani kuwauliza watu wanataka programu ifanye nini, kisha kuyaingiza kwenye mfumo wa kompyuta ambao wataalamu wangeusoma wakiwa mjini na wengine wakiwa nje ya nchi.

Ikafika siku ya majaribio. Tuko pwani, maji yanaanza kurudi, akina mama wanatoka mwambani walikokwenda kuchokoa pweza. Bi mmoja akaja na pweza wake watatu. Bwana diko kashika simu mpya, anabonyeza. Aina: pweza. Idadi: tatu. Uzito akaweka. Halafu simu ikamdai namba ya chombo.

"Bi, namba ya chombo?"

"Chombo gani mwanangu? Mimi nimekwenda kwa miguu."

Akajaribu kuruka, simu ikakataa na kuonyesha maandishi mekundu. Akaweka sifuri, ikakataa. Nyuma foleni inakua na jua ndilo hilo. Mwisho akaandika namba ya ngalawa ya mtoto wa yule bi. Simu ikafurahi, ikahifadhi. Pweza watatu waliochokolewa na mama mtu mzima, maji ya magotini, wakaingia kwenye kumbukumbu kama mavuno ya kijana ambaye asubuhi ile hata baharini hakwenda.

Nilipotazama usiku ule nikakuta kwenye orodha yetu hitaji namba 31: "Kila rekodi ya mavuno lazima iwe na namba ya chombo." Lilikuwa limekaa pale miezi minne. Lilikuwa limepitishwa na watu sita. Na aliyeuandika mstari ule alikuwa mimi, mtoto wa Matemwe, niliyelelewa na bibi aliyekuwa anachokoa pweza. Niliyaandika mahitaji ya vyombo kwa sababu mikutano niliyoitisha walikuja wenye vyombo.

Msione ni jambo dogo. Takwimu za madiko ndizo watu wanazozishika wanapozungumza kufunga eneo la bahari kwa miezi ili pweza wakue, au kugawa nyavu na mikopo. Kama kitabu kinaonyesha pweza wote wameletwa na vyombo, basi kwenye mkutano wa kufunga mwamba wataitwa wenye vyombo. Akina mama watajua siku watakapofukuzwa.

HITAJI NI NINI?

Kwa lugha ya kawaida, hitaji ni sentensi moja inayosema kitu kinachotengenezwa lazima kifanye nini au kiweje. Daraja lazima libebe lori la tani kadhaa. Programu ya benki lazima ikuulize neno la siri. Simu lazima ihifadhi rekodi hata mtandao ukikosekana. Kila sentensi inapewa namba yake, anaandikwa aliyeisema, sababu yake, umuhimu wake na itapimwaje kwamba imetimizwa. Ikibadilika, yale ya zamani hayafutwi, yanabaki ili ijulikane nani kabadilisha na lini. Mimi hiyo naiita nasaba ya hitaji. Hitaji lisilo na nasaba ni kama kiwanja kisicho na hati, kila mtu atadai ni chake.

Kwa Kiswahili tuna utajiri hapa ambao wataalamu wetu hawautumii. Tuna haja, hitaji, takwa, ombi, sharti. Mimi nilikuwa naandika "mahitaji" kwa vyote, kumbe mzee wa pwani akisema "tungependa" na akisema "haiwezekani bila" hayo ni mambo mawili. Mwaka 1994 Dai Clegg alitunga njia ya kuyagawa mahitaji katika mafungu manne kwa uzito wake, na hadi leo inatumika dunia nzima. Sisi kwenye kikao tuliyaita lazima, muhimu, ikiwezekana, na si safari hii. Hakuna aliyeuliza maana yake. Hilo fungu la nne ndilo lililowafurahisha zaidi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anaambiwa waziwazi kwamba alichoomba hakitafanywa, badala ya kuambiwa "tutaliangalia".

PROGRAMU ZENYEWE ZILITOKA WAPI

Zamani mahitaji yaliandikwa kwenye makaratasi. Mradi wa ndege au wa manowari unakuwa na maelfu ya sentensi hizo, na ukibadilisha moja inagusa nyingine mia. Karatasi haiwezi. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatoka huko Uingereza programu inayoitwa DOORS, ya kampuni ya QSS. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilinunuliwa na Telelogic ya Sweden, na mwaka 2008 Telelogic nayo ikachukuliwa na IBM. Ndani ya DOORS kila hitaji ni kitu kimoja chenye namba yake, na unaweza kuliunganisha na jingine, kisha ukauliza: nikibadilisha hili, nini kinaguswa? Kwa mhandisi wa ndege hiyo ni neema.

Kwa mtu wa kawaida ni kasheshe. Unaifungua unakuta mti wa mafaili upande wa kushoto, jedwali katikati, safu kumi na tano, vifupisho, rangi, na kila kitu Kiingereza. Zimefuata nyingine nyingi, na baadhi zimejitahidi kupendeza. Jira, ambayo asili yake ilikuwa ya kufuatilia hitilafu, siku hizi kampuni nyingi zinaitumia kutunzia mahitaji pia. Lakini mpangilio ni uleule: mtu wa katikati anamsikiliza mwenye haja, anatafsiri, anaingiza. Mwenye haja haoni kilichoandikwa. Akioneshwa, anaoneshwa kurasa 60 za kusaini kabla ya Ijumaa.

Hapa baadhi watasema, basi tuachane na hayo maprogramu, tutumie Excel. Jamani, miradi mingi hapa kwetu inatumia Excel, na mimi siipigi vita. Ila mliowahi kupokea faili linaloitwa "mahitaji ya mwisho", kesho yake likaja "mahitaji ya mwisho kabisa", mnajua ugonjwa wake. Nasaba inapotea siku ya kwanza tu mtu anapofuta mstari.

SAA, BAMVUA NA MTUNGO

Baada ya lile la pweza niliomba ruhusa nirudi na orodha nzima pwani. Yalikuwa mahitaji 84. Niliyachapa kwa Kiswahili, moja moja kwenye kadi, herufi kubwa, nikakaa na watu barazani kwa siku tatu. Wasioweza kusoma niliwasomea. Yaliyotoka pale sikuyatarajia.

La kwanza lilikuwa saa. Hitaji lilisema "mfumo urekodi muda wa kushusha". Sahihi kabisa, nani atalipinga? Lakini bwana diko akiona chombo kimefika saa 1 asubuhi, anaandika 1. Kompyuta inaelewa saa saba za usiku. Bi akitoka mwambani saa 6 mchana inaandikwa 6, kompyuta inasema alfajiri. Ripoti za majaribio zilizokwenda mjini zilionyesha kwamba vyombo vya Matemwe vinashusha samaki usiku wa manane. Ofisini kuna aliyekuwa ameshaanza kunong'ona kwamba kuna magendo. Kumbe hakuna magendo, kuna watu wanaohesabu saa tangu jua linapochomoza kama walivyofundishwa na wazee wao.

Wenzetu wakubwa pia wamekumbwa na hayo, tena kwa hasara kubwa. Septemba 1999 chombo cha Marekani cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mars, kwa sababu programu moja ya ardhini ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni wakati nyingine inazipokea kama newtoni. Na hitaji la kutumia vipimo vya metriki lilikuwa limeandikwa kwenye hati yao! Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Anayefanya kazi lazima alione hitaji na lazima mtu ahakiki kwamba limefuatwa.

La pili lilikuwa wiki. Programu ilitakiwa itoe ripoti kila wiki na kulinganisha na wiki iliyopita. Mzee mmoja akaichukua ile kadi, akaigeuzageuza, akacheka. "Mjomba, bahari haijui Jumatatu." Mliokulia pwani mmeshamwelewa. Kuna bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na mwamba unabaki wazi. Na kuna maji mafu katikati yake, ambapo maji hayatoki vya kutosha. Pweza wa miguu na kazi ya mwani vinafuata bamvua. Ukilinganisha wiki ya bamvua na wiki ya maji mafu, unapata mavuno yameporomoka kila baada ya wiki mbili hivi. Na kweli, ile programu ilikuwa na alama nyekundu ya kumwambia bosi kwamba diko hili "limeshuka utendaji". Bwana diko wetu alikuwa ameshapigiwa simu mara mbili kuulizwa kwa nini haandiki. Dawa yake haikuwa ngumu: kulinganisha bamvua na bamvua. Aliyeijua alikuwepo barazani siku zote, ila orodha ilikuwa mjini ndani ya kompyuta yenye neno la siri.

La tatu ni vipimo vya kuuzia. Wataalamu walitaka kilo. Samaki wadogo mnadani wanakwenda kwa mtungo au kwa ndoo, na mizani haipo kila diko. Hili tulibishana sana na sidhani tulilimaliza vizuri. Tukakubaliana bwana diko aandike alichokiona, mtungo au ndoo, na kilo zikadiriwe baadaye kwa kupima mitungo michache kila msimu, kaskazi na kusi. Mtaalamu wa takwimu hakupendezwa, nami namwelewa.

Na namba 31 mnaijua. Niliposoma ile kadi, yule bi wa pweza alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni. Hakusubiri nimalize. "Futa hiyo," akasema, "au niandikie mguu wangu namba." Watu walicheka lakini yeye hakucheka.

PROGRAMU ILIYO RAHISI INAKUWAJE?

Watu wa kompyuta ukiwaambia "rahisisha" wanabadilisha rangi na kuongeza picha. Siyo hivyo. Kwa nilivyoona mimi, urahisi unaanza kwenye sentensi yenyewe.

Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa kampuni ya Rolls-Royce, wale wanaotengeneza injini za ndege, walichapisha njia ya kuandika mahitaji inayoitwa EARS. Herufi hizo zinasomeka kama neno la Kiingereza la masikio, na nadhani walikusudia. Wanasema andika kwa mifumo michache tu ya sentensi: jambo likitokea, mfumo lazima ufanye hivi, wakati hali fulani ipo, mfumo lazima ufanye vile, kitu kibaya kikitokea, mfumo lazima ufanye hivi. Nilipoisoma nilijigonga paji la uso. Kiswahili kinayo hayo ndani ya kitenzi! Tuna -po- na tuna -ki-. "Bwana diko anapobonyeza Hifadhi, programu lazima ionyeshe jina la mvuvi." "Simu ikikosa mtandao, programu lazima itunze rekodi ndani ya simu." Mtoto wa skuli ya msingi anaelewa, na mtengeneza programu naye anapata alichokuwa anakitafuta.

Kinyume chake ni ile lugha yetu ya ofisini. "Taarifa zitumwe kila siku." Zitumwe na nani? Kwa nani? Kwa vocha ya nani? Kiswahili cha serikali kinapenda sana kutendwa, na kutendwa kunamficha mtendaji. Nimejiwekea sharti: kitenzi cha kutendwa hakiingii kwenye hitaji mpaka mtendaji atajwe. Katika yale 84, nilikuta 29 hayana mwenyewe.

Halafu ni maneno ya kwenye skrini. Hili si geni kwetu. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili, na Microsoft nao walitoa Windows na Office zao za Kiswahili. Mnakumbuka mabishano ya wakati ule, kompyuta au tarakilishi, kipanya au puku? Somo nililolipata mimi ni kwamba neno likibuniwa mezani peke yake halitembei. Kwenye programu yetu mtaalamu alikuwa ameandika "Eneo la kutua". Watu wakauliza, ndege? Tukaandika Diko.

Nasaba nayo inaweza kuwa nyepesi. Hakuna haja ya safu kumi na tano. Mwananchi anataka mambo matano: namba, sentensi, nani alisema, limefikia wapi, na nani wa kuulizwa. Yale mengine ya wahandisi yabaki, lakini yakae nyuma ya pazia. Na hali ya hitaji isemwe kwa maneno ya watu: limesikika, limekubaliwa, linafanywa, limefanywa, limekataliwa kwa sababu hii. Tulibandika karatasi ya namna hiyo pale watu wanapokaa kusubiri vyombo, na kila bamvua tukaibadilisha. Karatasi, ndiyo. Mnaokumbuka giza la Unguja, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hamtanicheka kwa kupenda karatasi.

Jingine ni sauti. Watu wengi pwani hawataandika maoni hata uwape simu ya dhahabu, lakini ujumbe wa sauti wa WhatsApp watakutumia wa dakika nne, wenye jogoo na muezzini ndani. Tuliamua sauti ihifadhiwe pamoja na hitaji lake, si kuandikwa kisha kutupwa. Siku ya ubishi unaibonyeza unamsikia mwenyewe alivyosema. Imetuokoa mara mbili, mara moja dhidi yangu mimi mwenyewe.

SI JAMBO JIPYA

Nisije nikaonekana nimegundua moto. Miaka ya 1970 mwanzoni Kristen Nygaard, Mnorwei aliyebuni lugha ya kompyuta ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani na wafanyakazi walikuwa hawaulizwi. Akawasaidia waelewe mifumo ile na wawe na la kusema. Baadaye huko Sweden, kati ya 1981 na 1985, mradi wa UTOPIA ulifanya hivyo na wachapaji wa magazeti, wakitumia maboksi na mbao kuigiza mashine ambazo hazijatengenezwa, ili mchapaji aseme "hapa mkono wangu haufiki" kabla fedha haijatumika.

Mto huo ulifika mpaka Unguja. Jørn Braa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oslo walianza mradi wa HISP Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, wakatengeneza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS, ambao kizazi chake cha pili, DHIS2, sasa unatumika katika nchi nyingi sana. Zanzibar iliuingiza mapema, mwaka 2005. Na kilichoifanya Zanzibar isomwe huko nje hakikuwa kompyuta, kilikuwa vikao. Watu wa wilaya walikutana kila robo mwaka, kila wilaya ikasimama na takwimu zake yenyewe mbele ya wenzake, na wenzake wakauliza maswali. Mwaka 2012 Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay walieleza habari hiyo katika jarida la Shirika la Afya Duniani: takwimu zinakuwa bora pale wanaozikusanya wanapozitumia na kuzijadili wenyewe.

Kwa hiyo mtu akikuambia wananchi wa kawaida hawawezi kushiriki mambo ya mifumo, mwambie Unguja walifanya, tena kwenye spitali na vituo vya afya, si kwenye semina ya siku moja yenye soda na bahasha.

YASIYOKWENDA VIZURI

Nisiwauzie samaki kwenye maji. Kazi hii inachukua muda, na muda una mwenyewe. Siku tatu za baraza ziliongeza wiki tano kwenye ratiba, na aliyetoa fedha alinuna. Kadi 84 zikawa 91, kwa sababu watu wakijua wanasikilizwa wanaongeza. Ilibidi tukatae mengi. Wenye vyombo walitaka jirani asione mavuno yao, wachuuzi walitaka waone mapema kabla ya mnada, na hayo mawili hayakai chungu kimoja. Programu haiwezi kuwapatanisha. Inaweza tu kuonyesha kwamba uamuzi ulifanyika, na nani aliufanya.

Pia kuna woga. Bwana diko mmoja aliniambia faraghani kwamba hataki jina lake liwe kwenye safu ya "nani alisema", maana kuna mahitaji yanayomgusa mkubwa wake. Ana haki. Tukaweka "diko" badala ya jina kwa wanaotaka, na namba ya siri ninayoijua mimi na sheha. Watu wa viwango vya kimataifa hawatapenda, lakini wao hawaishi hapa.

Na akina mama: mkutano ukiitishwa saa 4 asubuhi siku ya bamvua, mwanamke wa mwani au wa pweza hatakuja, yuko majini. Nilikuwa nikiandika kwenye ripoti "mahudhurio ya wanawake yalikuwa madogo". Ee Mola nisamehe.

Namba 31 ilibadilishwa. Sasa inasomeka: "Mvuvi anaposhusha mavuno bila chombo, programu lazima ihifadhi rekodi kwa jina lake mwenyewe." Ilifanywa, ikahakikiwa, na yule bi ndiye aliyeihakiki, kwa pweza mmoja mkubwa na wawili wadogo. Lakini yeye hakuishia hapo. Aliuliza, na wale wa nyuma je? Wale wote walioandikwa kwa ngalawa ya mwanangu? Tukaliandika, likawa hitaji namba 92: rekodi za zamani zisahihishwe na bwana diko akishirikiana na wavuvi wa miguu. Mjini wamelipa daraja la "ikiwezekana". Sauti yake ipo, dakika mbili na nusu. Kila nikipita pale pwani hanisalimu kwanza, ananiuliza tisini na mbili yake imefika wapi, na mimi namjibu ilipofika: limekubaliwa, halijafanywa.